Ukungu wa bafuni: hasara isiyozibika kwa rangi

Na Mwandishi Wetu

MNUNUZI wa mahindi katika soko la Tandale, Dar es Salaam, akitia mkono ndani ya gunia na kukuta punje zimeshikana na zinanuka ukungu, haombi kupunguziwa bei. Anaacha gunia hilo na kwenda kwa muuzaji mwingine. Anajua kuwa mahindi hayo yaliwekwa kabla hayajakauka, na kwamba hakuna dawa ya kuyarudisha yalivyokuwa.

Jioni mnunuzi huyo huyo anarudi nyumbani na kuoga katika bafu lenye kona nyeusi na dari yenye madoa. Kisha analala yeye na watoto wake hatua chache kutoka hapo. Akiulizwa, atajibu kuwa huo ni unyevu wa pwani tu, na kwamba masika ikiisha atapaka rangi.

Ukungu wa ukutani hauna madhara sawa na sumukuvu inayoliwa kwenye nafaka. Lakini kanuni ya biashara ni moja kwa vyote viwili. Ukungu ni matokeo, na chanzo chake ni maji. Mfanyabiashara anayelijua hilo sokoni hulisahau anapofika kwenye nyumba yake ya kupangisha. Kila mwaka hununua ndoo za rangi kufunika tatizo ambalo litarudi kabla ya mkataba wa mpangaji kwisha.

Makala hii inaangalia tatizo hilo kwa macho ya mwenye nyumba, mwenye nyumba ya wageni na mpangaji wa mwambao, kuanzia Tanga na Mombasa hadi Zanzibar, Dar es Salaam na Mtwara. Inaeleza ukungu unatokana na nini, unafanya nini kwa afya, na fedha za matengenezo ziende wapi ili zisipotee.

BAFU LILIPOHAMA UANI

Wazee wetu wa pwani hawakuwa na tatizo kubwa la ukungu wa bafuni, kwa sababu bafu lao lilikuwa mbali na kitanda. Nyumba ya Kiswahili, ya aina iliyojaa Kariakoo na Ilala enzi hizo, ilikuwa na ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto, na uani nyuma. Choo, bafu na jiko vilikuwa huko uani, jua likipiga na upepo ukipita. Mtu akimaliza kuoga, maji yalikauka kabla ya adhuhuri.

Leo soko linataka kitu kingine. Mpangaji anayemwendea dalali huuliza kwanza kama chumba ni "selfu" au "masta", yaani chenye choo na bafu ndani. Chumba cha namna hiyo hupata kodi kubwa zaidi na hakikai muda mrefu bila mtu. Wenye nyumba nyingi wamefanya hesabu hiyo, wakakata kona ya chumba, wakajenga ukuta wa tofali za nchi tano, wakaweka choo na bomba la mvua.

Kilichosahaulika ni hewa. Kwa kuwa kona iliyokatwa mara nyingi inapakana na chumba cha jirani au na ukuta wa kiwanja kingine, bafu hilo hubaki bila dirisha. Au huwekewa kitundu cha ukubwa wa daftari chini ya dari, kisha mpangaji anakiziba kwa mfuko wa plastiki kuzuia mbu. Mvuke wa maji ukikosa njia ya kutoka nje, huingia chumbani. Hukaa kwenye godoro, kwenye nguo za kabatini na kwenye ukuta ulio nyuma ya kabati.

Mwandishi wa makala hii aliwahi kupanga chumba cha aina hiyo. Siku ya kukabidhiwa ufunguo kilikuwa kinanukia rangi mpya, nyeupe kila upande. Mwezi wa tatu madoa yakatokea juu ya bomba la mvua. Mwezi wa tano viatu vya ngozi vilivyokuwa chini ya kitanda vikaota ukungu wa kijani. Mwenye nyumba alikuja, akaangalia, akasema tumalizie miezi sita halafu atapaka tena. Alipaka, kwa ajili ya mpangaji aliyefuata.

MAJI YANATOKA WAPI

Mbegu za ukungu, au kuvu kama wataalamu wanavyouita, zipo kila mahali hewani, na hakuna nyumba isiyo nazo. Haziwezi kuota mpaka zipate unyevu na chakula. Chakula bafuni hakikosekani: povu la sabuni, mafuta ya mwili, vumbi, mbao, karatasi ya jipsamu, na hata baadhi ya rangi. Kwa hiyo kitu pekee ambacho mwenye nyumba anaweza kukidhibiti ni unyevu. Kitu kilicholowa kikiachwa saa 24 hadi 48 bila kukauka, ukungu unaweza kuanza kuota.

Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani linashauri unyevu wa hewa ya ndani usizidi asilimia 60. Hapa ndipo ugumu wa mwambao unapoanza. Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar unyevu wa hewa ya nje asubuhi mara nyingi huzidi asilimia 80, na wakati wa masika hukaa juu kutwa. Mwekezaji mwenye nyumba Dodoma, ambako mvua ya mwaka mzima ni chini ya milimita 600, anaweza kujenga bafu lisilo na dirisha kubwa na asione doa. Akitumia ramani hiyo hiyo Kigamboni, mji ambao hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, atajuta.

Kabla ya kutoa fedha, mwenye nyumba ajue maji yake yanatoka katika njia ipi kati ya hizi nne.

Ya kwanza ni mvuke wa kuoga. Dalili yake ni madoa meusi darini na sehemu ya juu ya kuta, hasa kwenye kona ambazo hewa haizunguki. Maji ya moto huongeza mvuke huo mara nyingi.

Ya pili ni bomba linalovuja ndani ya ukuta, au kiungo cha kigae kilichopasuka. Dalili yake ni doa moja linalokua kuzunguka mahali pamoja, hata katika wiki ambayo hakuna aliyeoga.

Ya tatu ni maji yanayopanda kutoka ardhini. Nyumba iliyojengwa bila karatasi la nailoni juu ya msingi hunyonya maji kama utambi wa kibatari. Unyevu huonekana sehemu ya chini ya ukuta, rangi ikibabuka na lipu ikimong'onyoka.

Ya nne ni mvua: bati lililotoboka, paa lisilo na mfereji, au ukuta wa nje usiopigwa lipu.

Hapa kuna kosa linalokula fedha za wengi. Mafundi wengi huita kila ubovu wa ukuta "fangasi". Unga mweupe unaotokea chini ya ukuta na kubabua rangi kwa kawaida si fangasi. Ni chumvi, iliyotoka kwenye mchanga au ardhini na kuletwa juu na maji. Unga huo ukiutia kwenye maji huyeyuka. Ukungu wenyewe ni madoa meusi, kijani au kahawia, mara nyingine yenye manyoya mepesi, na hunuka kama nguo zilizofungwa zikiwa mbichi. Anayenunua rangi ya kuzuia fangasi kutibu chumvi ametupa fedha. Ukuta huo unahitaji kuzuiliwa maji ya chini.

Wenye nyumba za wageni wana njia ya tano, nayo ni kiyoyozi. Chumba kikipozwa sana, ukuta unaopakana na bafu nao hupoa. Hewa ya bafuni yenye joto na mvuke ikigusa ukuta huo hugeuka matone, kama yanayoonekana nje ya chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Aidha, hoteli nyingi za ufukweni hufunga mwezi Aprili na Mei kwa sababu ya masika. Chumba kilichofungwa madirisha na mapazia kwa wiki nane za mvua, bila mtu wa kukifungua, hupokea mgeni wa kwanza wa Juni kwa harufu ambayo hakuna manukato ya kuiondoa.

AFYA: KINACHOJULIKANA NA KISICHOTHIBITIKA

Maneno mengi husemwa juu ya ukungu na maradhi. Mengine ni ya kweli na mengine ni ya kuogofya watu ili wanunue dawa. Mfanyabiashara anahitaji kutofautisha.

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na ukungu ndani ya majengo. Baada ya kupitia tafiti za nchi mbalimbali, lilisema kuna ushahidi wa kutosha kuwa watu wanaoishi katika majengo yenye unyevu au ukungu wako katika hatari zaidi ya kupata matatizo ya njia ya hewa, maambukizo ya njia hiyo, na kuzidiwa na pumu. Shirika hilo halikuweka kiwango cha ukungu ambacho ni salama. Ushauri wake ni kuzuia unyevu na kuondoa ukungu unaoonekana.

Kwa lugha ya nyumbani, dalili ni hizi: mafua yasiyokwisha, kupiga chafya asubuhi, macho kuwasha, kikohozi kikavu cha usiku, na kifua kubana au kutoa mlio. Mwenye pumu hushikwa mara nyingi zaidi. Ishara ya kuangalia ni kama mgonjwa hupata nafuu anaposafiri na kurudiwa na hali hiyo baada ya siku chache nyumbani. Gharama yake huonekana kwenye daftari la familia hata kama haikuandikwa hivyo: nauli ya zahanati, dawa ya kikohozi kila mwezi, na siku ambazo duka halikufunguliwa kwa sababu mama alikesha na mtoto.

Walio katika hatari zaidi ni watoto wadogo, wazee, wenye pumu na mzio, na wale ambao kinga ya mwili imepungua. Wapo pia watu waliougua kifua kikuu zamani. Ugonjwa huo huweza kuacha matundu kwenye mapafu, na kuvu aina ya Aspergillus, ambaye yuko hewani karibu kila mahali, huweza kuota ndani ya matundu hayo. Mgonjwa hukohoa, hupungua uzito na hata kutoa damu, akadhani TB imerudi. Mtu wa namna hiyo asikae katika chumba chenye ukungu, na asipewe kazi ya kuusugua. Akiona dalili hizo, aende hospitali akapimwe.

Kuna yasiyothibitika. Katika miaka ya 1990 mjini Cleveland, Marekani, watoto wachanga kadhaa walitokwa damu mapafuni, na lawama ikaangukia ukungu mweusi uitwao Stachybotrys. Habari hizo zilienea duniani, na ndiyo asili ya hofu ya "ukungu mweusi wenye sumu". Mwaka 2000 kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilipitia upya uchunguzi huo na kusema uhusiano huo haukuthibitishwa. Rangi ya ukungu haikuambii ukali wake. Ule wa kijani unastahili kuondolewa sawa na mweusi, na hakuna haja ya kulipia vipimo vya kujua jina lake kabla ya kuanza kazi.

Vile vile ukungu wa ukutani si chanzo cha mapunye, wala muwasho wa katikati ya vidole vya miguu. Maradhi hayo huletwa na fangasi wa aina nyingine, na huambukizwa kwa kugusana, taulo la pamoja au sakafu yenye majimaji. Anayetibu ngozi kwa kupaka rangi ukuta atasubiri sana.

KIFO CHA ROCHDALE

Wanaodhani ukungu ni jambo la usafi tu waangalie yaliyotokea Uingereza. Desemba 2020 mtoto Awaab Ishak, aliyekuwa ametimiza miaka miwili siku chache kabla, alifariki katika mji wa Rochdale karibu na Manchester. Wazazi wake walitoka Sudan, na waliishi katika nyumba ya kupanga yenye ukungu jikoni na bafuni. Baba yake alianza kutoa taarifa mwaka 2017. Aliambiwa apake rangi juu yake.

Novemba 2022 ofisa anayechunguza vifo alitoa uamuzi kuwa mtoto huyo alikufa kwa ugonjwa mkali wa njia ya hewa, uliotokana na kukaa muda mrefu katika ukungu wa nyumba yao. Nchi nzima ilishtuka. Mwaka 2023 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ambayo ndani yake kuna kifungu kinachojulikana kwa jina la mtoto huyo, na Oktoba 2025 utekelezaji wake ulianza kwa nyumba za jamii za England. Hatari ya dharura lazima ishughulikiwe ndani ya saa 24. Unyevu na ukungu mkubwa lazima uchunguzwe ndani ya siku 10 za kazi, na nyumba ifanywe salama ndani ya siku tano za kazi baada ya hapo.

Sheria hiyo ni ya huko na haimfungi mwenye nyumba wa Temeke au Likoni. Lakini ushauri aliopewa baba wa Awaab ndio ambao wapangaji wetu wanapewa kila siku. Hali ya hewa ya Rochdale ni baridi na yetu ni joto, na ukungu uliota kote kuwili kwa sababu ile ile: maji yaliyokosa njia ya kutoka.

HESABU YA MWENYE NYUMBA

Tufanye hesabu. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, kwa ajili ya kuonyesha njia. Msomaji aweke bei za fundi wake na kodi ya mtaa wake.

Tuseme chumba kina kodi ya Sh 100,000 kwa mwezi. Bafu lake halina hewa. Mwenye nyumba anapaka rangi mara mbili kwa mwaka, baada ya masika na baada ya vuli, kila mara kwa Sh 70,000 pamoja na ufundi. Tuseme pia kuwa kwa sababu ya harufu na madoa, chumba kinakaa wazi mwezi mmoja zaidi kila mwaka.

Njia ya rangi, miaka mitano:
Rangi na ufundi, Sh 140,000 x 5 = Sh 700,000
Mwezi mmoja mtupu, Sh 100,000 x 5 = Sh 500,000
Jumla = Sh 1,200,000

Njia ya kutibu chanzo, miaka mitano:
Kutoboa ukuta na kuweka dirisha = Sh 150,000
Fundi bomba na kurekebisha mteremko wa sakafu = Sh 120,000
Kukwangua, lipu na rangi mpya = Sh 130,000
Kupaka mara moja baada ya miaka mitatu = Sh 70,000
Jumla = Sh 470,000

Tofauti ni Sh 730,000 kwa chumba kimoja, ambayo ni kodi ya zaidi ya miezi saba. Mwenye vyumba sita atakuwa ameokoa Sh 4,380,000. Na hapo hatujaweka gharama ya silingi bodi iliyooza, mlango uliovimba, wala nondo za zege zinazoliwa na kutu kwa maji yasiyokauka.

Ugumu wa njia ya pili ni kwamba fedha zake hutoka kwa mkupuo, wakati za rangi hutoka kidogo kidogo na haziumi. Kwa sababu hiyo, mwenye vyumba vingi aanze na kimoja, kile kinachohamwa mara kwa mara kuliko vyote, akitengeneze wakati kikiwa wazi. Kodi ya miezi sita ya mpangaji mpya wa chumba hicho ilipie kinachofuata.

Wapo watakaosema mpangaji ndiye mchafu. Mara nyingine ni kweli, na tutamfikia. Lakini wapangaji watatu wakifuatana wakiacha madoa katika kona ile ile, tatizo ni la kona.

KAZI YENYEWE

Zuia maji kwanza. Rekebisha bomba, ziba paa, tengeneza mteremko ili maji ya kuoga yaende yote kwenye tundu la sakafu. Kusafisha kabla ya hapo ni kazi ya kurudia.

Pili, pima ukubwa. Eneo lisilozidi futi tatu kwa futi tatu mtu mzima mwenye afya njema anaweza kulisafisha mwenyewe. Likizidi hapo, au kama maji machafu ya choo yamehusika, tafuta fundi anayejua kazi hiyo.

Tatu, jikinge. Vaa glavu za mpira, barakoa inayobana vizuri na kitu cha kuzuia macho. Fungua dirisha, funga mlango wa chumbani, na watoto na wenye pumu watoke nje. Usisugue ukuta ukiwa mkavu wala kutumia ufagio, kwa sababu utarusha mbegu nyumba nzima. Lowanisha kwanza.

Nne, sugua. Kwenye vigae, sinki na sakafu, maji na sabuni ya unga pamoja na brashi ngumu hutosha mara nyingi. Ukitaka kutumia dawa ya klorini ya kufulia, ambayo wengi huiita jiki, isizidi robo lita kwa lita nne za maji. Kisha suuza na ukaushe kwa kitambaa. Klorini hufanya kazi kwenye vitu vigumu visivyonyonya. Kwenye lipu, mbao na jipsamu hufanya doa kuwa jeupe juu, na mizizi ikabaki ndani.

ONYO: Usichanganye jiki na dawa ya kusafishia choo yenye asidi, na siki, wala na dawa yoyote yenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu ambayo katika bafu dogo lisilo na dirisha inaweza kuua. Ajali hii huwapata watu wasafi wanaotaka kumaliza kazi haraka.

Tano, tupa kisichosafishika. Silingi bodi na jipsamu iliyoota ukungu haioshwi. Hukatwa na kubadilishwa. Lipu iliyolainika ikwanguliwe mpaka kwenye tofali, iachwe ikauke kabisa, ndipo ipigwe upya. Ukungu uliokufa ukibaki ukutani bado unaweza kumsumbua mwenye mzio, ndiyo maana kuua bila kuondoa hakutoshi.

Rangi ni hatua ya mwisho. Rangi ya kuzuia ukungu ina kazi yake juu ya ukuta mkavu na safi. Juu ya ukuta mbichi itababuka kama nyingine. Ukuta wa zamani wa mawe na chokaa, kama wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, usipigwe saruji wala rangi ya mafuta. Chokaa huruhusu ukuta kupumua, na ukali wake haupendwi na ukungu. Ukiufunika kwa saruji, maji hufungiwa ndani.

KWA ANAYEJENGA NA ANAYEPANGA

Anayechora ramani sasa ana nafasi ambayo wengine wameikosa. Bafu liwekwe kwenye ukuta wa nje, na ikiwezekana upande unaopata upepo wa kusi au kaskazi. Dirisha liwe juu na liweze kufunguka lote. Madirisha ya aluminiamu ya kusukuma hufunguka nusu tu, na ya luva hupitisha hewa hata mvua ikinyesha. Wekea wavu wa mbu tangu mwanzo ili mpangaji asitafute mfuko wa plastiki. Acha nafasi ya vidole viwili chini ya mlango wa bafu ili hewa iingie kutoka chumbani na kutoka nje kwa juu. Bafu ambalo haliwezi kupata dirisha lipewe feni ya kuvuta hewa, na bomba lake litoke nje ya paa. Feni inayotema mvuke juu ya dari imehamisha ukungu tu, haijauondoa.

Mpangaji naye ana sehemu yake. Akimaliza kuoga, afute maji ya ukutani na sakafuni kwa raba, kazi ya dakika mbili. Taulo na nguo mbichi zianikwe nje. Ndoo na pipa la akiba ya maji vifunikwe, kwa kuwa huongeza unyevu na kuzaa mbu. Kabati na kitanda visogezwe kidogo kutoka ukuta wa bafu. Doa likitokea, atoe taarifa kwa maandishi au kwa ujumbe wenye picha na tarehe, siku ile ile na si siku ya kuhama.

Anayekwenda kuangalia chumba afanye kama mnunuzi wa Tandale. Asiridhike na weupe wa rangi. Aingie bafuni, afunge mlango, avute pumzi. Aguse ukuta wa chini kwa kiganja, aangalie nyuma ya mlango na juu ya bomba la mvua, aulize mpangaji aliyetangulia alikaa muda gani. Rangi mbichi bafuni peke yake, wakati chumba kizima kina rangi ya zamani, ni jibu tosha.

Kwa mwenye nyumba, wakati mzuri wa kazi hii ni miezi ya kiangazi, kuta zikiwa zimekauka na mafundi hawajabanwa. Anayesubiri masika atapaka juu ya maji, na baada ya vuli atarudi dukani kununua ndoo nyingine.